Stormblåst Ni Moto, na Ndani Kuna Muziki wa Wenyewe

Wacha niiseme mapema ndio wale wa kunitukana wapange laini: Stormblåst ya Dimmu Borgir ni moja ya albamu kali zaidi zilizowahi kutoka Norwe, na ndani yake kuna muziki wa watu wengine bila majina yao. Hizo sentensi mbili zinaweza kukaa kwa nyumba moja bila kugombana. Wanaogombana ni nyinyi.

Nasema hivi juu wiki iliyopita niliweka kipande cha "Sorgens kammer" kwa stori yangu na chini nikaandika "muziki: Tim Wright". Basi. Sikuongeza neno lingine. Manze, inboksi iliwaka! Kuna walioniuliza Tim Wright ni nani, na hao sina shida nao kabisa, hii posti ni yao. Shida yangu ni wale wanaojua na wamekasirika kwamba nimesema. "Unaharibu vaibu." "Hiyo ni sampuli tu, buda." "Hiyo ni stori ya kitambo, achana nayo." Na mmoja wao, mwenye tatuu ya bendi kwa mkono, akaniambia msee wa Nairobi hana biashara kufundisha Wanorwe adabu. Sawa. Tuanze basi.

Kwa wageni, haraka haraka. Dimmu Borgir ilianzishwa Oslo mwaka wa 1993. Jina wamelitoa Iceland, kwa eneo linaitwa Dimmuborgir, mahali lava iliganda zamani ikaacha minara na mapango ya mawe meusi. Maana yake ni kama "ngome za giza". Albamu yao ya kwanza ilikuwa For all tid. Ya pili ndiyo hii, Stormblåst, iliyotoka 1996 kwa lebo ya Uingereza iliyoitwa Cacophonous. Ngoma kumi, zote na majina ya Kinorwe, na zote zenye maneno zimeimbwa Kinorwe. Shagrath anaimba na kupiga gitaa, Silenoz gitaa la pili, Brynjard Tristan besi, Tjodalv drumu, na kwa kinanda kuna kijana anaitwa Stian Aarstad. Shikeni hilo jina la mwisho, tutarudi kwake.

Wanachopiga kinaitwa blaki metali ya simfonia. Chukua ile blaki metali ya Norwe ya miaka ya tisini, gitaa zinazokwaruza kama mabati yanaburutwa juu ya simiti, drumu za kukimbia, sauti ya mtu anayeimba kama koo lina moto, halafu weka juu yake vinanda vinavyojifanya okestra: nyuzi, kwaya, piano. Siku hizi bendi kubwa za aina hii zinakodi okestra yenyewe. Dimmu Borgir wamefanya hivyo, albamu yao ya 2003 wamepigiwa na okestra ya Prague. Lakini 1996 hawa walikuwa vijana tu na hakukuwa na pesa ya okestra. Kulikuwa na kinanda.

Na hapo ndipo utamu uko. Stormblåst haijaribu kukutisha. Inaenda polepole, ina huzuni kuliko hasira, gitaa ziko mbali kidogo kama zinapigwa kwa jirani, na kinanda kimekaa mbele kinabeba melodi yote. Isikilize usiku stima ikipotea mtaa mzima, ndio utaelewa. Hakuna albamu yao ya baadaye iliyo na hiyo baridi. Za baadaye ni kubwa, safi, ghali, zimejaa misuli. Hii ina roho ya mtu amekaa peke yake kwa dirisha.

(Ndiyo, najua, maneno yao yanamtukana Mungu, mama yako akiyasikia utaombewa hadi asubuhi. Bahati nzuri ni Kinorwe.)

Na tukiwa hapo kwa lugha, nipeni dakika moja. Albamu iliyofuata, Enthrone Darkness Triumphant ya 1997, walihamia lebo kubwa ya Ujerumani, Nuclear Blast, na wakahamia Kiingereza. Dunia ikawajua. Siwalaumu, pesa ni pesa. Lakini ukiuliza wazee wa hii muziki ni albamu gani ya Dimmu wanarudia usiku, wengi watakutajia hii ambayo hawaelewi hata neno moja ndani yake. Wasanii wetu wanaoambiwa kila siku "imba Kizungu ndio utoboe" waandike hiyo mahali.

Haya, turudi kwa kesi.

"Sorgens kammer" maana yake ni chumba cha huzuni. Ni namba nne kwa albamu, haina kuimba, ni piano. Ukiuliza mashabiki kumi wa Stormblåst ni wapi waliposhikwa, kuna wengi watakuambia hapo. Mimi pia. Ni nzuri kupita kiasi. Na ilikuwa nzuri vilevile mwaka wa 1992, miaka minne kabla, ilipokuwa ikipigwa na kompyuta ya Amiga kila mara mtoto akiwasha gemu inaitwa Agony.

Agony ilitolewa na kampuni ya Uingereza, Psygnosis. Unacheza kama bundi anayeruka kwa dunia ya ndoto akipiga mazimwi. Bundi, yule yule ambaye shosho yako hataki atue kwa paa. Ile ngoma ya piano inayocheza kwa skrini ya kwanza kabla hujaanza gemu ilitungwa na Tim Wright. Huyu jamaa si mdogo. Amefanya muziki wa Lemmings, wa Shadow of the Beast II, na baadaye kwa jina la CoLD SToRAGE akafanya muziki wa Wipeout kwa PlayStation. Ukimuuliza mtu mzima aliyekulia Ulaya na gemu, huenda amelala na melodi za huyo mtu kichwani bila kujua jina lake.

Sasa fikirieni kazi yenyewe. Amiga ilikuwa na chaneli nne za sauti. Nne! Si nyimbo nne, ni sauti nne tu zinazoweza kulia kwa wakati mmoja, kila moja kwa ubora wa biti nane. Unataka kufanya piano, yenye mkono wa kushoto na wa kulia na mwangwi wake, ndani ya chaneli nne. Sampuli zako lazima ziwe ndogo sana juu kumbukumbu ya mashine ni kidogo, na diski moja inabeba kilobaiti 880, yaani chini ya picha moja ya simu yako, na hapo muziki unagawana nafasi na michoro na gemu yenyewe. Na mtu akakaa chini, kwa hayo mazingira, akatoa kitu ambacho miaka thelathini baadaye msee kwa bedsita ya Pipeline anakisikiliza anatokwa na machozi. Lakini msee wa Pipeline anadhani alilizwa na Wanorwe wenye rangi nyeusi usoni.

Hiyo ndiyo inaniuma. Si sheria. Ni kwamba chozi limeenda kwa anwani isiyo yake.

Na si hiyo pekee. Albamu inafunguliwa na "Alt lys er svunnet hen", na kabla gitaa hazijaingia kuna ule mwanzo wa kinanda unaokuweka chini. Huo mwanzo umetoka kwa "Sacred Hour" ya Magnum, bendi ya roki ya Birmingham, kwa albamu yao Chase the Dragon ya 1982. Mwandishi wa nyimbo za Magnum alikuwa Tony Clarkin, mpiga gitaa, aliyefariki Januari 2024. Kwa hivyo hesabu mwenyewe: mlango wa albamu ni wa Magnum, na kile chumba cha ndani ambacho kila mtu anataka kulala ni cha Tim Wright. Kwa kava la 1996 hakuna jina la hata mmoja wao.

Sasa utetezi. Nimeusoma wote, nimekunywa chai, nimeusoma tena.

Wa kwanza: "ni sampuli". Hapana. Kuchota sampuli ni kuchukua rekodi yenyewe, ukaikata, ukaigeuza, na watu wa hip hop wenyewe walishaburutwa kortini hadi wakajifunza kuomba ruhusa na kuandika majina. Hapa hakuna kitu kilikatwa wala kugeuzwa. Melodi imekaliwa chini, ikapigwa upya, ikapewa jina jipya la Kinorwe. Hiyo si sampuli, hiyo ni kuimba wimbo wa mtu mwingine na kusema ni wako.

Wa pili, ambao ndio unanichekesha: "ni heshima, walikuwa wanampa Wright heshima". Heshima gani haina jina? Mwaka huohuo wa 1996 Dimmu Borgir walitoa EP inaitwa Devil's Path, na ndani wakapiga "Nocturnal Fear" ya Celtic Frost. Jina la wimbo wakaliacha vile lilivyo. Kila mtu akajua ni wa nani. Kwa hivyo bendi ilijua kabisa heshima inafanywaje. Ukipiga ngoma ya Celtic Frost unaonyesha una mizizi mizuri, unapata pointi mtaani. Ukipiga ngoma ya gemu ya bundi unaonekana mtoto. Hapo ndio naona kitu ambacho hakuna anayetaka kusema: mtu wa gemu hakuhesabiwa kuwa mwanamuziki. Alionekana kama kisima cha barabarani, kila mtu achote.

Wa tatu: "ilikuwa 1996, hakukuwa na intaneti, nani angejua?" Kwanza, hiyo si utetezi, hiyo ni mpango. Pili, si kweli. Amiga ilikuwa kwa nyumba za vijana Ulaya nzima. Norwe yenyewe ilikuwa na The Gathering, mkutano wa vijana wa kompyuta ulioanza 1992, watu wanabeba mashine zao kwenda kulala sakafuni na kushindana nani atatoa muziki na michoro mikali zaidi. Msikilizaji aliyejua Agony na akanunua Stormblåst hakuwa mnyama wa hadithi.

Wa nne una uzito kidogo, kwa hivyo nitaupa nafasi. Unasema hivi: bendi haikujua. Aarstad ndiye alikuwa anashughulika na kinanda, ndiye alileta hizo sehemu, na wale wengine walikuja kugundua baadaye. Hayo ndiyo maelezo ambayo yamekuwa yakizunguka kutoka upande wa bendi. Na mimi naweza kuyakubali bila matata. Shagrath na Silenoz walikuwa vijana wa metali, si lazima wawe walicheza Agony. Mtu wa kinanda anakuja mazoezini anasema "nimetunga hii", unasema "kali", mnaenda studio. Imetokea kwa bendi nyingi.

Lakini kutojua kunakutoa kwa lawama ya 1996 pekee. Hakukutoi kwa lawama ya siku uliyojua. Na hapa ndipo tunafika kwa kitu ambacho kilinifanya nifungue lapotopu.

Mwaka wa 2005 bendi ilirekodi Stormblåst yote upya. Aarstad alikuwa ameshaondoka zamani. Kinanda ni Mustis, drumu wakamleta Hellhammer wa Mayhem, lebo ni Nuclear Blast, kuna pesa, kuna muda. Na sasa kila mtu anajua "Sorgens kammer" ni ya nani. Kulikuwa na njia mbili. Ya kwanza: iache ngoma, andika "muziki: Tim Wright", mlipe, na uwape mashabiki sababu ya kwenda kumtafuta. Ya pili: ifute.

Wakaifuta. Ule mwanzo wa Magnum pia ukakatwa, wimbo wa kwanza sasa unaingia moja kwa moja. Na pale pa "Sorgens kammer" wakaleta wimbo mpya. Nadhani jina lake mtalipenda: "Sorgens kammer – Del II". Sehemu ya pili! Sehemu ya pili ya nini? Ya kwanza iko wapi? Umemtoa mtu kwa nyumba yake, umebomoa nyumba, halafu umejenga ghorofa unaiita "Nyumba ya Fulani, Awamu ya Pili", na jina la Fulani haliko hata kwa geti.

Watu huniambia "lakini si walirekebisha?" Aki jameni. Kurekebisha ni kumrudishia mwenyewe. Kufuta ni kusafisha alama za vidole. Mtu akiiba kuku wako, ukimkuta amemla na ameosha sahani vizuri, utamwambia asante kwa usafi?

Na kimuziki, mniwie radhi wale wa 2005, ilibaki nini? Hellhammer ni mashine, hakuna ubishi, drumu ni za kupasua ukuta. Sauti imenyooka, kila gitaa unaisikia. Lakini ile baridi imeisha. Ile ya 1996 ilikuwa na nafasi ndani, hewa, mahali pa kukaa. Hii imejaza kila kona. Na ukifika pale namba nne ilikuwa, kama uliijua ya kwanza, unasikia shimo. Unapita hapo kama unavyopita plot ambayo kulikuwa na kibanda cha mama wa chapo na sasa kuna ukuta.

Kwa hivyo ninachosema si kile ambacho wasee kwa inboksi walidhani nasema. Sisemi muisusie Stormblåst. Sisemi muiondoe kwa simu. Nasema kinyume chake: ile ya 1996 ndiyo ya kusikiliza, yote, na hiyo piano ndani, na majina yaandikwe. Waliotaka kusafisha ndio walitupotezea wimbo. Wright alikosa jina mara mbili, mara ya kwanza kwa kuchukuliwa na mara ya pili kwa kufutwa.

Sasa wewe wa tatuu, uliyesema msee wa Nairobi hana biashara na hii. Wacha nikukumbushe Mei 2022. Azimio wanatangaza mgombea mwenza, "Extravaganza" ya Sauti Sol inatumika kwa hafla bila ruhusa yao. Sauti Sol wakatoa taarifa kwamba haki yao imevunjwa na wataenda kwa sheria. Upande wa Azimio wakajibu kwamba ilikuwa tu kuonyesha upendo kwa vipaji vya nyumbani. Unakumbuka mitandao ilikuwaje siku hiyo? Upendo haulipi rent, watu waliandika. Kila mtu alikuwa wakili wa hakimiliki. Nina hakika hata wewe ulikuwa. Sasa mbona ule "upendo" ukivaa koti la ngozi na misumari unageuka kuwa "heshima", na mimi nageuka kuwa mharibifu wa vaibu?

Sheria yetu ya Hakimiliki ya 2001 iko wazi kwa hii: mbali na pesa, mtunzi ana haki ya kutambuliwa kama mtunzi wa kazi yake. Hata akiwa ameuza kila kitu. Hiyo haki ya jina imetengwa kando na ya pesa, na kuna sababu. Jina ndilo hukuletea kazi ya kesho.

Kuna jamaa namjua, anatengeneza biti Umoja, chumba kimoja, godoro limewekwa ukutani ndio sauti isiruke. Aliwahi kuweka melodi ya gitaa mtandaoni bure kabisa, sharti moja tu: "ukiitumia, niandike". Miezi kadhaa baadaye yuko ndani ya matatu Jogoo Road, anasikia gitaa lake. Ngoma ni ya msanii anayejulikana, imepigwa redioni, watu kwa mat wanaimba. Akashuka, akaenda kuangalia maelezo ya video: prodyusa, mtu wa kamera, mtu wa nywele, mtu wa viatu. Mtu wa viatu! Yeye hayuko. Akatuma DM kwa heshima zote. Akajibiwa ashukuru wamemtoa kwa giza. Akauliza mara ya pili, akablokiwa. Hakuwa anataka milioni. Wiki hiyo alikuwa anakopa tokeni za stima ndio amalize kazi ya mteja, na mteja alikuwa amemuuliza "umewahi kufanya ngoma gani ninayoijua?" Alikuwa nayo. Hakuweza kuithibitisha.

Kwa hivyo ukiniambia jina ni kitu kidogo, nitakuuliza unalipa rent na nini.

Na wale mnaosema "lakini blaki metali ni muziki wa waasi, hauna sheria", naomba mtulie. Uasi ni kumpiga mkubwa. Norwe hawa walikuwa wanajiona wanapigana na kanisa, na dola, na dini ya wazazi wao. Haya. Lakini Tim Wright si kanisa. Ni kijana aliyekuwa anatunga muziki wa gemu kwa mashine ya chaneli nne. Kumchukulia kazi bila jina si uasi, ni kile kitu ambacho lebo kubwa hufanya kila siku. Na bendi inayoandika albamu nzima ya kukataa amri za Mungu, ikaishia kujikwaa kwa ile ya nane (ya saba kama wewe ni Mkatoliki), hiyo nayo ni kichekesho ambacho hata pasta wako angekipenda.

Najua kuna mtu ataniuliza basi nataka nini, juu bendi haisomi posti za Kiswahili. Nataka vitu ambavyo viko kwa mikono yako. Ukiweka "Sorgens kammer" kwa video yako ya mvua na kikombe cha kahawa, andika Tim Wright. Ukiweka ule mwanzo wa "Alt lys er svunnet hen", andika Magnum. Una nafasi ya kuandika alama kumi za moto na fuvu, maneno mawili hayatakumaliza bando. Na ukiwa na ukurasa wa metali hapa Kenya, kuna kadhaa na nyinyi mnajijua, acheni kufuta komenti za wanaotaja jina. Nimeona. Nina picha za skrini.

Halafu fanya hivi usiku wa leo. Tafuta muziki wa mwanzo wa Agony, ile ya Amiga, si rimiksi. Usome jina la mtunzi kwanza. Weka masikioni, zima taa, isikilize hadi iishe. Baadaye nenda moja kwa moja kwa Stormblåst ya 1996, namba nne. Ukimaliza na bado unataka kuniambia ni sampuli, komenti ziko wazi, mimi silali mapema.